Pomboo wa Uhakika: Kisa cha Asubuhi Moja katika Ghuba ya Menai

Kisa hiki nimekuwa nikiwasimulia kwa mdomo vijana wanaoanza kazi ya kutembeza wageni, na kila ninapokisimulia nakipunguza makali. Safari hii nakiandika chote, pamoja na sehemu yangu isiyopendeza. Bandari tuliyotokea siitaji, wala mwaka, wala aliyeuza safari. Wageni nimewabadilisha kiasi kwamba hata wao wakisoma watasita.

## Mahali penyewe

Ghuba ya Menai iko kusini-magharibi mwa Unguja, mwendo mfupi wa gari kutoka Mjini. Tangu 1997 ni eneo la hifadhi lenye ukubwa wa kilomita za mraba 470 hivi. Si hifadhi ya kufukuza watu. Wavuvi wa vijiji vinavyoizunguka wanaendelea kuvua humo kwa masharti. Mna visiwa vidogo kama Kwale, Pungume na Miwi, mna mikoko, mna mafungu ya mchanga yanayofichuka maji yakipwa, na mna aina mbili za pomboo wanaoonekana humo mwaka mzima.

Aina ya kwanza ndiyo wageni wanayoijua kwenye picha, yenye mdomo kama shingo ya chupa. Ya pili ina nundu mgongoni, na pezi limekaa juu ya hiyo nundu. Huyu ni mwoga, hutembea kwa vikundi vidogo, na yumo kwenye orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini kutoweka. Watafiti waliopiga picha mapezi na kuwatambua mmoja mmoja upande wa kusini, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, hawakufikisha 200 wa aina ya kwanza wala 70 wa aina ya pili katika eneo walilolichunguza. Weka idadi hiyo kando ya boti zinazotoka kila asubuhi ya msimu mzuri, utaona kwamba ni wanyama wale wale tunaowagongea mlango kila siku.

Upande huo huo wa kusini, kabla ya utalii, pomboo alikuwa akivuliwa, na nyama yake ikawa chambo cha papa. Safari za wageni zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na uvuvi ule ukafa miaka michache baadaye. Ukiwauliza wazee sababu hawakuhubirii: akiwa hai analipa kila siku, akiwa chambo analipa mara moja.

## Siku moja kabla: Changuu

Wageni walikuwa saba. Familia ya watu wanne: baba, mama, kijana wa miaka kama kumi na sita na binti wa miaka kumi. Wengine watatu ni marafiki waliojuana na familia ile hotelini, Mji Mkongwe.

Siku iliyotangulia walikwenda Changuu. Kisiwa kile hakina mshangao. Kobe wakubwa wa asili ya Aldabra, ambao wanne wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wanakaa ndani ya uzio, umri wao umeandikwa kwa rangi mgongoni, na mgeni hupewa majani awalishe. Ukienda saa mbili wapo. Ukienda saa kumi wapo. Binti aliwalisha, akapigwa nao picha, akarudi mjini anacheka.

Aliyewapeleka Changuu ndiye aliyewauzia pomboo jioni ile ile. Karatasi aliyowaonesha, ambayo baba aliipiga picha kwa simu, ilisema "kuogelea na pomboo", na chini yake neno "uhakika" kwa herufi kubwa. Baadaye nilimuuliza muuzaji huyo kwa nini aliandika vile. Alinijibu bila kuona haya: "Kobe nawauza kwa uhakika, hakuna anayelalamika. Kwenye pomboo nikisema inshallah, mteja anakwenda kwa jirani."

Pesa waliyolipa ilipita mikono mitatu kabla ya kufika botini. Mimi nilikuwa na ujira wangu wa siku. Nahodha alilipwa mafuta na posho ndogo, na kilichobaki cha kupeleka nyumbani kilikuwa bakshishi. Na bakshishi hutolewa na mgeni aliyelowa. Anayerudi mkavu anasema ahsante, anashuka.

## Asubuhi ile

Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma kwa upole na ghuba imekingwa. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Siku za bamvua kwetu maji hupwa karibu saa nne asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne, kwa hiyo tulipotoka saa moja na nusu maji yalikuwa yanakimbia kwenda nje na njia kati ya mwamba na fungu ilikuwa ikizidi kuwa nyembamba. Kumbuka jambo hilo.

Nahodha wetu alikuwa mtu mzima wa kijiji cha pwani ile ile. Ujanani aliwahi kuvua pomboo kwa chusa, mkuki wa baharini. Mimi humwita Ami, naye huniita mwanangu hata anapokasirika.

Tukiwa njiani niliwapa wageni maelezo yangu ya kawaida. Hatutakaribia chini ya mita hamsini. Mashine itakaa nyutro. Hatutakaa nao zaidi ya dakika ishirini. Tutawaendea kwa ubavuni, si kwa mbele wala kwa nyuma. Nikamalizia na maneno niliyokuwa nimezoea kuyasema bila kuyafikiri: "Kuogelea, kama hali itaruhusu."

Saa mbili na robo tuliona boti nne zimesimama nusu duara. Katikati yao kulikuwa na pomboo kama kumi na wawili, wa aina ya kwanza. Walikwenda polepole, wamebanana, wakiibuka pamoja na kuzama pamoja bila kurusha mkia wala kuruka. Ami aliwatazama kidogo tu.

"Hawa wamelala, mwanangu."

Alikuwa sawa. Pomboo hulala nusu ya ubongo, nusu nyingine ikimsimamia apande kuvuta pumzi, na usingizi wake unaonekana hivyo hivyo: mwendo wa pole, wamebanana, pumzi za mpangilio. Pembeni ya kundi alikuwapo mama na mtoto mchanga, na mtoto bado alikuwa na mikunjo ya ubavuni aliyokuja nayo kutoka tumboni, kama nguo iliyotoka sandukuni.

Tulisimama mbali. Nikawaeleza wageni wanachokiona, na kwa dakika kama kumi walitazama kwa utulivu. Yule binti ndiye aliyegundua kwamba mama na mtoto hawaachani hata kwa urefu wa mkono. Kisha boti zikaanza kuongezeka. Saa tatu kasorobo nilihesabu kumi na moja, yetu ikiwemo.

Kazi ilivyofanyika kwa wengine ilikuwa hivi. Boti inalizunguka kundi kwa kasi, inakwenda kusimama mbele yake, nahodha anapiga kelele "Ruka! Ruka!", wageni wanajitupa, kundi linazama chini yao na kuibuka upande mwingine. Wageni wanapandishwa, boti inakimbia tena mbele. Baada ya mara tatu au nne kundi lilibadilika: pumzi zikawa fupi, kuzama kukawa kurefu, kila walipoibuka walikuwa wameelekea upande tusioutarajia. Na upande wenyewe ulikuwa mmoja tu, ule mfereji uliokuwa ukipungua maji.

## Maamuzi matatu

La kwanza lilikuwa kukaa mbali. Tulilifanya kwa pamoja, mimi na Ami, bila mabishano, kwa sababu hali ilikuwa wazi: kundi limelala, kuna mtoto mchanga, boti zimejaa.

Uamuzi huo ulidumu mpaka baba alipotoa simu. Hakuwa mtu mbaya wala mkali. Alinionesha ile picha ya karatasi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Wale kule wanaogelea. Sisi tumelipia kitu kile kile. Au sivyo?" Binti alikuwa ameshavaa miwani ya kuogelea tangu tuliposimama. Marafiki watatu walikuwa kimya, lakini kimya cha watu wanaosubiri kuona mimi nitasema nini.

Nilimtazama Ami. Ami alitazama mashine. Niliijua hesabu aliyokuwa akiipiga, kwa sababu nami nilikuwa nikiipiga.

"Mara moja tu," nikasema.

Huo ndio uamuzi wa pili, na ni wangu. Ami alitia gia, tukasogea ubavuni mwa kundi, si mbele. Nilidhani kusogea kwa ubavuni kutatuondolea lawama. Kijana na mmoja wa wale marafiki wakaingia majini, binti nilimzuia. Nikawaambia wakae upande wa kulia wa boti. Hapo hapo kundi likageuka, na boti tatu zikageuka nalo. Moja ilipita kati yetu na waogeleaji. Jua la asubuhi lilikuwa usoni mwa nahodha wake, na macho yake yalikuwa yanawatafuta pomboo, si watu. Rafadha, pangaboi la mashine yake, ilipita, kwa kukadiria kwangu, hatua tano kutoka miguuni mwa kijana.

Ami alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake tena, akaingiza boti yetu katikati. Kijana alipanda ngazi kwa pupa akajichuna mguu. Mwenzake alipandishwa kwa kuvutwa mikono. Binti alikuwa analia. Nilipomuuliza kijana kama aliwaona pomboo huko chini, alisema aliona povu na mchanga.

Uamuzi wa tatu Ami hakuniuliza. Aligeuza omo, mbele ya boti, kuelekea kisiwani, akaondoka eneo lile taratibu. Tulipofika mbali akazima mashine, akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini wageni wasisikie, ingawa wasingeelewa:

"Zamani nikimkata mbele kwa chusa. Leo namkata mbele kwa kamera. Kwake yeye iko tofauti gani?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kumfunga kijana kidonda.

## Siku iliyobaki

Tulishuka kwenye fungu maji yakiwa yamekupwa kabisa. Hapo bamvua iliyotuponza asubuhi ikatufaa: mchanga ulikuwa wazi mpaka mbali, ndege wamejaa, vitwitwi wanakimbia ukingoni kama watoto wanaocheza na wimbi, shakwe na membe wamepanga safu dhidi ya upepo. Mama, ambaye tangu asubuhi hakusema neno, alikuja na darubini yake mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amemuuliza alipenda nini.

Maji yalipoanza kujaa tulikwenda kwenye majani ya bahari upande wa kisiwa. Tulimwona kasa mmoja akila, akatoa kichwa mara tatu, akaenda zake. Niliwaambia wasimfuate, na hakuna aliyemfuata.

Saa nane, tukirudi, boti nyingine zote zikiwa zimeshafunga, Ami alipunguza mwendo akanyoosha kidole. Wawili wenye nundu walikuwa wakivua kando ya mikoko. Tulikaa mbali, mashine nyutro, kwa dakika sita hivi. Mama aliwaona, binti aliwaona. Baba alikuwa amelala chini ya turubai na mkewe hakumwamsha.

## Matokeo

Baba alilalamika hotelini usiku ule, kwa haki. Hakulalamikia pomboo peke yao. Alilalamikia kwamba mwanawe alikaribia kukatwa na mashine akiwa chini ya uangalizi wangu. Familia ilirudishiwa pesa zote. Muuzaji alitoa sehemu yake kwa shingo upande, iliyobaki nikatoa mimi. Wale marafiki watatu hawakudai kitu, na mmoja wao alimpa Ami bakshishi, ingawa ilikuwa pungufu ya alichozoea siku nzuri.

Nahodha wa ile boti iliyopita katikati alikuja nyumbani kwa Ami jioni kuomba radhi. Alisema hakumwona kijana kabisa, nami namwamini. Ami hakuzungumza nami kwa siku nne. Siku ya tano alinipigia simu kuniuliza bamvua ijayo iko lini, nikajua yamekwisha.

## Uchambuzi

Nikisimulia kisa hiki, wasikilizaji huanza na ile rafadha. Wanataka kanuni ya waogeleaji, boya la rangi, mtu wa kuangalia nyuma. Hayo yote ni sawa na nitayafikia. Lakini ukiirudisha siku ile nyuma saa kwa saa, utakuta uamuzi mbaya zaidi ulifanyika jioni, nchi kavu, mimi nikiwa nyumbani.

Changuu na Menai ziliuzwa na mtu mmoja, kwa meza moja, kwa neno moja. Kobe wako ndani ya uzio, kwa hiyo uhakika wao ni wa kweli. Mgeni aliyetoka kumlisha kobe aliyeandikwa umri mgongoni ana kila sababu ya kuamini kwamba na pomboo wako mahali fulani wanamsubiri. Yeye si mpumbavu. Tumemfundisha sisi, jana yake, kwamba wanyama wa Zanzibar ndivyo walivyo. Alipotoa simu botini hakuwa anavunja kanuni zangu. Alikuwa anadai mkataba ambao mimi sikuusoma. Maelezo yangu ya njiani, yaliyokuwa mazuri kwa kuyasikia, yalikuwa yanambadilishia masharti baada ya kulipa.

Tazama kwa kulinganisha kisiwa cha Chumbe, kilomita kama kumi na mbili kusini mwa Mji Mkongwe. Mwamba wake ulifungwa kwa uvuvi mwaka 1994, na wageni huingia kwa idadi ndogo. Huko mgeni anauziwa mahali: mwamba, msitu, mnara wa taa wa 1904, na chochote kitakachojitokeza. Kaa mkubwa wa nchi kavu akitoka usiku, kheri. Asipotoka, hakuna ahadi iliyovunjwa. Najua Chumbe ni biashara ya namna nyingine na bei nyingine, na boti ya watu saba haiwezi kuiga kila kitu. Ila namna ya kuuza inaigika bure.

La pili ni hesabu ya Ami. Tulimweka mtu anayewajua pomboo kuliko sisi sote mahali ambapo kuwatendea vyema kunamnyima chakula. Alitambua usingizi wao kwa kuwatupia jicho mara moja. Ujuzi huo ulipatikana kwa njia ya chusa, lakini ni ujuzi, na hakuna kozi ya wiki mbili inayoweza kumpa mtu. Kisha tukaufunga kwa bakshishi. Kila mkutano ninaohudhuria watu husema manahodha "waelimishwe". Ami hakukosa elimu asubuhi ile. Alikosa ujira usiotegemea nani ameruka majini.

La tatu ni lile "mara moja tu" langu. Nimelifikiria sana na naona lilikuwa na udanganyifu ndani yake: nilijifanya kwamba kuna njia ya katikati, kusogea kwa ubavuni, kwa heshima, mara moja. Kama tungekuwa boti peke yetu huenda njia hiyo ingekuwapo. Kwa boti kumi na moja haikuwapo. Kundi halihesabu boti yako kuwa ya kwanza. Kwake wewe ni wa kumi na moja. Na ile mita hamsini yangu ilikuwa imeshapoteza maana pale wengine walipokuwa ndani yake. Siku hizi nawafundisha vijana kwamba umbali unapimwa pamoja na idadi: tukikuta boti mbili tunasubiri mbali zamu yetu, tukikuta tatu tunaondoka. Hizo ni namba zetu wenyewe, si sheria, na kuna wanaoziona ni kali mno.

Kuhusu mama na mtoto, watu wengi hufikiri tatizo ni kumtisha. Ni zaidi ya hapo. Mtoto mchanga wa pomboo huogelea amebanana na mama kwa sababu mkondo wa maji unaotengenezwa na mwili wa mama humbeba. Akitoka hapo analipia kila hatua kwa nguvu zake mwenyewe. Kunyonya nako kunataka mwendo wa pole. Mama anayebadilisha njia kila dakika mbili anamwangusha mwanawe kutoka mgongoni, kwa namna ya kusema. Tafiti zilizofanywa kusini mwa Unguja na kuchapishwa 2007 na 2010 zilionesha jambo hili hili: boti za watalii zikiwapo, mama wenye watoto huyumba zaidi katika mwendo wao, na pomboo kwa jumla hupumzika kidogo na kusafiri sana. Na pomboo jike hazai kila mwaka. Mimba peke yake ni mwaka mzima, na mtoto hunyonya zaidi ya mwaka. Kundi dogo kama la kwetu halina watoto wa kupoteza.

Bamvua nayo ilichangia. Ile siku, kwa saa ile, pomboo na boti walikuwa wanagombea mfereji mmoja. Sote tunaijua kalenda ya mwezi, tunaitumia kwa kuvua pweza na kwa kupitisha mashua juu ya mwamba, lakini kwa kuwaendea pomboo tulikuwa tunafuata saa ya chai ya hoteli. Boti zote hukutana saa mbili na nusu kwa sababu hoteli zote hufungua jiko kwa wakati mmoja.

Kilichofaa ni vitu vidogo. Zile dakika kumi za mwanzo zilifaa: wageni walioelezwa usingizi wa pomboo unavyoonekana walitazama wakati hakuna kilichokuwa kikiruka. Ami kuingiza boti katikati kulifaa, na si jambo la kufundishika kwa karatasi. Kumzuia binti kulifaa, ingawa sababu niliyokuwa nayo ilikuwa umri wake, si hatari niliyoiona. Nisijipe sifa nisiyostahili. Na kuondoka kulifaa kwa sababu tulikuwa na pa kwenda. Boti isiyo na mpango mwingine itarudi tu kwenye kundi.

Ile ya mama na darubini yake inaniuma kuliko malalamiko ya mumewe. Tangu asubuhi ndege peke yao wangemtosha na kumpendeza, na mimi sikujua kwa sababu sikuuliza.

## Tulichobadilisha, na kilichokwama

Ami sasa analipwa siku nzima, pomboo waonekane wasionekane. Bakshishi ikija ni juu yake. Fedha hiyo ilipatikana kwa kupandisha bei kidogo na kwa kumwondoa mtu mmoja katika ile mikono mitatu. Huyo hatusalimiani vizuri.

Kuogelea na pomboo tumekuondoa. Kuogelea kupo, lakini kwenye mwamba, boti ikiwa imetia nanga, na mtu mmoja hana kazi nyingine ila kuwahesabu walio majini. Ile "kama hali itaruhusu" nimeifuta mdomoni. Badala yake mgeni anasomewa kabla ya kulipa, kwa lugha yake, kwamba pomboo wako baharini na bahari haina mlango, kwamba siku nyingine hawaonekani, na kwamba hata wakionekana hataingia nao majini. Wapo wanaoondoka wakisikia hivyo. Muuzaji wa zamani hatuletei wateja tena.

Tunatoka mapema zaidi au tunatoka mchana, kwa kufuata maji. Mchana si wakati mzuri kwa picha, jua linachoma, na wageni hunung'unika. Ila mfereji unakuwa mtupu. Julai mpaka Oktoba tunaongeza nyangumi wanaopita kutoka kusini kuja kuzaa, na hao tunawatazama kwa mbali zaidi, kusi ikituruhusu kutoka.

Kilichokwama ni kile kikubwa. Manahodha wa bandari yetu walikaa Juni, wakakubaliana zamu: boti tatu kwa mara moja, wengine wasubiri nyuma ya fungu. Ami aliongea vizuri siku ile. Zamu ilishika kwa wiki kadhaa. Agosti wageni walipojaa, asubuhi moja boti ya bandari nyingine ilipita wasubiriaji na kwenda moja kwa moja kwenye kundi, kisha ya pili ikaifuata, na mchana ule hapakuwa na zamu tena. Hakuna aliyegombana. Mmoja alisema tu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi niponee wapi, nyuma ya fungu?"

Swali lake ni la haki, na zamu ya bandari moja hailijibu wakati ghuba ina bandari kadhaa. Tumeomba kikao cha bandari zote kabla ya kaskazi kuingia. Ami amesema atakuja, kwa sharti kwamba kisifanyike siku ya bamvua.